Kwa Nini Sitakuja Siakago Mwezi wa Sita

Kibirichia, Meru.
17 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Jedidah,

Nakusalimu kutoka nyumbani, ambako ukungu haujaondoka tangu Jumatano. Je, hamjambo nyote huko Siakago? Goti la Mjomba Kivuti linaendeleaje? Na ndengu, zilipata mvua ya kutosha? Sisi ni wazima. Mama ana mafua kidogo, na viazi vya shamba la juu vimeanza kutoa maua.

Uliponiuliza kwa simu kama nitakuja mwezi wa sita kukusaidia dukani, nilinyamaza, ukadhani laini imekatika. Haikukatika. Nilishindwa kusema, ndiyo maana naandika.

Baba alikuwa ameamua kwamba nisipopata nafasi ya kazi katika chumba cha kompyuta cha ushirika wa viazi, nije kwako. Nafasi ilikuwa moja, na tuliokuwa tukijifunza huko tangu tumalize kidato cha nne ni wanane.

Huenda hujui tunachojifunza. Kuna dirisha jeusi kwenye kompyuta. Unaandika amri, nayo inajibu kwa maandishi. Amri ya pwd hukuambia uko folda gani, ls huonyesha kilichomo, na cd hukuhamishia folda nyingine. Ndani ya folda tunaandika faili inayoeleza seva tunayotaka, yaani kompyuta ya mbali inayotumika kupitia mtandao, kisha programu inaijenga kama tulivyoandika. Inaweza pia kuibomoa. Lakini kwanza inaonyesha itakachofanya na kuuliza kama unakubali. Neno inalolikubali ni moja tu, yes. Niliipenda kazi hii mapema kwa sababu haimtaki mtu aongee.

Alhamisi tulipimwa wawili wawili, wengine wakitazama maandishi yetu yaliyomulikwa ukutani. Niliwekwa na Munene wa hapa sokoni, ambaye utamsikia kabla hujamwona. Yeye alisoma maagizo, mimi nikaandika. Tulitakiwa kubomoa seva yetu ya mazoezi. Programu ikaonyesha vitakavyoondolewa, ikauliza.

"Piga yes, Kendi, tuwamalize hawa," Munene akasema.

Mwalimu wetu, Bwana Mwirigi, alikuwa nyuma akizungumza na mtu. Akauliza tu, "Sawa huko?" Wote wakaitikia, "Sawa!" Ndivyo tulivyozoea shuleni. Hata ambaye hakusikia swali hujibu pamoja na wenzake.

Mimi nilikuwa nimeona jina mizani kati ya vitu vitakavyobomolewa. Hatukuwa tumejenga kitu chenye jina hilo.  Nikaandika no. Programu ikaacha.

"Haiya! Huyu ameniangusha!" Munene akasema. "Kendi, hicho kidole ni chako ama umeazima?"

Walicheka sana. Nikaandika pwd. Ikaonekana tuko katika folda ya kazi halisi ya ushirika, ambayo Bwana Mwirigi alikuwa ameifungua asubuhi kutuonyesha. Hatukuwa tumehamia folda ya mazoezi. Mizani ndiyo seva inayopokea uzito wa viazi vya kila mkulima wa ushirika, pamoja na vya Baba. Bwana Mwirigi alikuja mbele haraka, akasema kosa la kuiacha wazi ni lake.

Kisha akaniuliza, "Mbona hukusema?"

"Nimeandika, mwalimu."

"Na siku ambayo Munene ndiye ataandika?"

Nikaandika cd, nikahamia folda ya mazoezi.

Jana aliniita ofisini. Nafasi nimepewa mimi, kwa sharti moja. Mwezi wangu wa kwanza kazini sitagusa kibodi. Mwingine ataandika, nami nitasoma kwa sauti, mbele ya wafanyakazi, kila kitu ambacho programu inataka kufanya, kisha niseme tuendelee au tuache. Naanza Jumatatu. Nimejaribu kuwasomea ng'ombe, lakini ng'ombe hawaulizi maswali.

Kwa hivyo, Shangazi, sitakuja. Najua ulikuwa umenitandikia kitanda, na naomba usikasirike. Rafiki yangu Winrose anatafuta kazi ya duka, naye anajua kuongea na watu. Ukimtaka, nitamwambia.

Mpe Mjomba pole ya goti, na umsalimie Veronicah na mtoto wake. Baba na Mama wanawasalimu. Mungu awalinde nyote, na mvua ije kwenu bila kuzidi.

Binti wa kaka yako akupendaye,
Kendi