Pumzi Kabla ya Kiitikio

Nerima, Tokyo
9 Februari 2010

Mdogo wangu Mitsugu,

Habari za baridi ya huko nyumbani? Hapa theluji ilianguka jana, ikayeyuka kabla watoto hawajaichezea. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na kifua chako je? Kwenye kadi ya mwaka mpya Mama aliandika kwamba unakohoa na daktari humtaki. Nenda, basi, usiwe mbishi. Mimi mzima, ila nimechoka, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu kwenye bahasha. Kampuni inaachana nami mwezi wa sita. Walinieleza kwa adabu kabisa, wakanipa na boksi la vitumbua vya maharage. Kabla ya hapo watatoa CD moja ya nyimbo zangu za miaka yote, na "Mwavuli wa Kuazima" lazima uwemo, maana ndio pekee watu wanaoukumbuka. Nafasi yake ni moja. Upo ule wa singo tulioimba wawili, na upo ule wa albamu nilioimba peke yangu baada ya wao kukutoa.

Wao wanataka wa albamu. Lakini fundi wao anataka kuusafisha kwanza, na anachotaka kukisafisha ni kile kitu nilichokiacha mle kwa ajili yako. Unakijua. Miaka kumi na saba hukuniambia neno juu yake, nikaona basi, hukukitaka, nikanyamaza. Sasa siwezi kuamua peke yangu. Sikiliza zote mbili, singo kwanza halafu albamu, kama tulivyokuwa tukifanya na CD za kukodi tulipokuwa shule. Uniambie kibaki au kifutwe. Wananisubiri mpaka mwisho wa Machi.

Dada yako,
Chizuru


Kurayoshi
20 Februari 2010

Dada,

Salamu nimezipata. Sisi wazima. Mama anapanda ngazi kwa kushikilia ukuta na anakataa nimsaidie. Kifua changu ni vumbi la pamba tu. Ukijaza magodoro miaka yote hii, na wewe ungekohoa.

Pole kwa mambo ya kampuni. Nasema kwa moyo, ingawa unajua siwapendi.

Sasa hicho kitu ni kitu gani? Albamu ile sijaifungua mpaka leo. Uliituma kwa posta, Mama akaiweka karibu na picha ya Baba, na nailoni yake bado iko juu yake. Nilikuta bango kituoni Shinjuku, jina ni lako peke yako, na mimi mfukoni nina ufunguo wa chumba tulichopanga wawili. Baada ya hapo ulitaka nikae nisikilize ulivyoimba vizuri bila mimi? Loo, dada yangu, una moyo.

Singo ninayo. Jalada lake refu la karatasi limechanika pale tulipolikunja. Naijua pale ninapoingia na pale ninapopwaya. Weka hiyo, au weka yako, kwangu mamoja. Nina magodoro ya nyumba ya wageni yananisubiri.

Mdogo wako,
Mitsugu


Nerima, Tokyo
3 Machi 2010

Mitsugu mdogo wangu,

Hamjambo huko? Leo ni siku ya wasichana, nikamkumbuka Mama alivyokuwa akiwapanga wanasesere wake wa kifalme kwenye vidaraja, na wewe ulivyomng'oa mfalme kichwa. Maua ya plamu yameanza, mimi nayapita tu kama mtu aliyetumwa.

Barua yako niliisomea jikoni nimesimama. Hujaifungua? Miaka yote hii? Majira yale yote ya joto nilikaa karibu na simu nikijua umeshasikia. Kila ilipolia nilijua ni wewe. Baadaye nikajisemea, amesikia na hakujali. Kumbe nailoni!

Utaniuliza tena ni kitu gani, na sitakuambia. Nikikuambia, utakisikia kwa sababu nimekuambia, na hutajua kama kipo kweli au nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Fungua, Mitsugu. Ifungue kwa hasira ukitaka. Sikiliza mwisho wa ubeti wa pili, pale kabla ya kiitikio, halafu uniandikie neno moja tu, kibaki au kifutwe.

Dada yako,
Chizuru


Nerima, Tokyo
2 Aprili 2010

Mitsugu,

Natumaini mko salama na Mama hajaanguka. Hukuandika.

Juzi nilikwenda studio. Fundi ni kijana mmoja anaitwa Nagumo, mpole, akisalimu anainama mpaka unamwonea huruma mgongo. Akaniuliza, "Bi Chizuru, hapa nifanyeje? Wasikilizaji watadhani ni kosa." Akaupiga wimbo mara ya kwanza, akaupiga mara ya pili. Nikamwambia fanyeni mnavyoona. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu mwenyewe hukukitaka.

Basi yameisha. Sikulaumu. Mpe Mama dawa yake ya shinikizo la damu, anapenda kujifanya amesahau.

Dada yako,
Chizuru


Kurayoshi
2 Aprili 2010

Dada Chizuru,

Hujambo? Unakula? Sisi tumepata msukosuko. Mama alilazwa kwa homa ya mapafu, amerudi nyumbani jana, na ulimi umerudi kabla yake. Nisamehe kwa kimya, ingawa sitakudanganya, hata asingeugua nisingeifungua.

Aliyeifungua ni yeye. Leo asubuhi nilikuwa napima pamba, nikasikia krrr. Kugeuka nimwone, ameikata nailoni kwa mkasi wangu wa vitambaa.

"Mama! Huo mkasi wa kazi!"

"Na mimi nimefanya kazi. Hospitali nimelala nikawaza, nitakufa sijamsikia mwanangu kwa sababu ya mwanangu mwingine kununa? Weka."

Nikaweka kwenye redio ya dukani. Dada, nilikuwa nimejiandaa kuchukia. Singo ina ngoma na tarumbeta, kila mtu anakimbia. Hii ina piano peke yake, na unaimba kama mtu anayeosha vyombo na mawazo yake. Ikafika mwisho wa ubeti wa pili, ukalivuta lile neno "bado", ukalishikilia. Mama akainua kidole.

"Nani huyo anayepumua?"

"Dada."

"Dada yako anaimba, atapumuaje? Una masikio au mapambo? Rudisha."

Nikarudisha. Wewe bado umeshikilia "bado", haijakatika, na pembeni yako mtu anavuta pumzi ndefu ili aingie kwenye kiitikio. Kisha kiitikio kinakuja, na hakuna aliyeingia. Uko peke yako.

Mama akasema, "Huyo ni Mitsugu. Mtoto wangu alikuwa na pumu, pumzi hiyo nimeilea. Naijua kuliko sura yake."

Nikaenda kuchukua singo nilinganishe. Kwenye singo haisikiki, ngoma zinaifunika. Iko kwenye albamu tu, kwenye ile ambayo mimi simo.

Nimelia, dada, mtu mzima na ndevu zangu, pamba imenijaa mikononi siwezi hata kujifuta. Nimeinua simu nikupigie, nikairudisha, kwa sababu ungesikia kilio tu. Naituma barua hii kwa posta ya haraka. Waambie kibaki. Nakuomba. Kibaki.

Mdogo wako,
Mitsugu


Nerima, Tokyo
4 Aprili 2010

Mdogo wangu Mitsugu,

Mama alilazwa na hukuniambia? Tutagombana, lakini si leo.

Barua yako imenikuta mlangoni, nikatoka na viatu visivyofanana mpaka studio. Nagumo alikuwepo. Aliinama, akabaki ameinama. Jana jioni kazi yote imekwenda kiwandani, na kampuni haitaki kuirudisha kwa ajili ya pumzi moja.

Nikueleze sasa. Sauti ya ubeti ule ni ile ile tuliyorekodi wawili kwenye kinasa kimoja, ila ngoma wameziondoa wakaweka piano. Walichofanya ni kuniimbisha kiitikio upya na kukiunganisha. Produsa alitaka kukata kabla hujavuta pumzi. Nilimwambia asogeze mkasi mbele kidogo, la sivyo siimbi tena. Kukurudisha wewe sikuweza, sikuwa na ubavu huo na nilikuwa na tamaa zangu, unajua. Kitu pekee nilichoweza kukiokoa ni kile, na juzijuzi nimekitoa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimechoka, Mitsugu.

Dada yako,
Chizuru


Kurayoshi
24 Juni 2010

Dada yangu Chizuru,

Habari za mvua za huko? Huku magodoro hayakauki, nimewasha majiko ya mafuta mpaka Mama analalamika tunapikwa. Yeye amepona, ameanza tena kunipangia maisha. Mimi nilikwenda kwa daktari, usiseme sikusikii. Kifua kimebaki nusu, na hiyo nusu niitunze.

CD mpya imefika. Tumekaa wote wawili tukaisikiliza. Pumzi haimo. Wamesafisha vizuri sana. Unashikilia "bado", halafu pako kimya, halafu kiitikio. Mama akasema, "Wamemtoa tena," akaenda kuchemsha chai. Basi tukaizima tukaweka ile ya zamani, na humo nimo. Hiyo Mama hamwazimi mtu, hata jirani aliomba akaambiwa imeharibika.

Tangu Aprili hujaandika. Nadhani unaona haya. Mimi nimenuna miaka kumi na saba juu ya nailoni, kwa hiyo kwa haya nimekushinda, acha.

Mkataba wako unaisha wiki ijayo. Njoo Agosti, wakati wa kuzipokea roho za marehemu nyumbani, Baba akija akukute. Godoro lako nimelifumua, nimelijaza pamba mpya, usiku wa kwanza litakuwa gumu kidogo. Majirani watataka uimbe, unawajua. Kiitikio chote sitakimudu siku hizi. Lakini wewe ukifika kwenye "bado" uishikilie, usiiachie upesi, mimi nitakuwa pembeni navuta pumzi, na safari hii nitaingia.

Mdogo wako,
Mitsugu