Saruji Niliyoificha Nyuma ya Jina Lako

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini huko uliko unaitikia vizuri kuliko nilivyokuwa nikikuitikia mimi.

Jana nilisimama tena mbele ya nyumba ya Bi Nasra, ile yenye duka la vitambaa, katika mtaa wa zamani wa Musoma. Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka pale kukushikia ngazi? Ulinionyesha kwa kidole: nguzo za Kizungu, matao ya Kiarabu, maua ya Kihindi, na chini mawe ya hapa hapa kwetu Mara. Ukasema, "Nyumba hii imeoa wake wanne, na hawagombani." Nilicheka mpaka ngazi ikatikisika, ukanifokea.

Pale ndipo uliponifundisha chokaa. Kwamba inalowekwa kwenye pipa wiki tatu, haikimbizwi. Kwamba kuta za wazee waliojenga mtaa ule zinapumua, na anayezipaka saruji ameziziba pua. Maji yanabaki ndani na siku moja ukuta unatema kila kitu. Mimi sikufika mbali shuleni, Baba, lakini somo hilo nililielewa. Ndiyo maana sina pa kujitetea.

Ulipolala mgonjwa nyumbani Butiama, Bi Nasra aliniita. Kile kiukuta cha juu kinachoficha bati, chenye maua uliyoyafinyanga upya kwa mkono wako, kilikuwa na nyufa upande wa kulia, naye alikuwa anamwoza binti yake baada ya siku kumi. Chokaa sikuwa nimeloweka. Niliziba nyufa kwa saruji, nikapaka chokaa nyembamba juu ili ifanane. Harusi ikapendeza.

Masika yalipokuja, upande ule ulianguka wote, na maua yako, kwenye kibaraza anapokaa fundi cherehani. Mungu ni mwema, alikuwa amekwenda kuswali. Mtaa ukajaa. Bi Nasra akauliza hii ni kazi ya nani. Nikajibu, "Hiyo ni ya mzee, ya zamani." Fundi mwenzangu Marwa akadakia, "Kumbe mzee alikuwaga anapaka ugali!" Watu wakacheka. Na mimi, Baba, nilicheka.

Jumamosi nilikuja kukuona. Habari ilishakufikia. Uliniuliza kama kuna aliyeumia, nikasema hakuna. Ukauliza nilichanganya nini. Nikasema sikugusa pale. Ulinitazama, kisha ukamwambia Mama anipe uji. Nilidhani yameisha. Kabla ya Kwaresima ya mwaka uliofuata tukakuzika.

Nilikaa na jambo hilo moyoni. Hata kukomunika nilikuwa naona haya. Nilipoungama, padri aliniambia nikanyooshe pale pale nilipopinda. Nikaenda kwa Bi Nasra, nikamweleza yote nimeinamisha kichwa. Alimaliza kukunja kitenge. Kisha akasema, "Mwanangu, baba yako alikuja hapa."

Sikujua. Kumbe ulishuka kwenye bajaji umejifunika koti, ukaokota kipande kwenye kifusi, ukakivunja, ukakitazama sana. Saruji uliiona. Ukamwambia, "Bi Nasra, ni mkono wangu uliokosea. Usimnyime mwanangu kazi." Ndiyo maana hakuninyima. Katika kazi zote nilizopata mtaa ule tangu siku hiyo, ulikuwa umenibeba, na wewe mwenyewe kutembea kulikuwa kunakushinda.

Natamani ungenifokea kama siku ile ya ngazi. Natamani ungenisema mbele ya Mama, nikakasirika, nikalia, tukamaliza. Ule uji bado unanikaba.

Nimewaambia mafundi wote kijiweni. Marwa alivua kofia. Bi Nasra ameniruhusu nikwangue saruji yote iliyobaki. Chokaa imo kwenye pipa, hii ni wiki ya pili. Maua siyawezi, Baba. Nimeyafinyanga mara nne, yanatoka kama vitumbua. Nimemwomba upande ule uachwe mtupu, na amekubali. Wapitao watauliza kwa nini huku hakuna maua, nami nitakuwa pale juu ya ngazi, niwaambie ni nani aliyeyaangusha.

Pumzika kwa amani. Unisamehe tena, maana mara ya kwanza ulinisamehe nikiwa sijaomba.

Ni mimi mwanao,
uliyemfichia aibu.