Mahindi ya Ukungu na Mapenzi ya Mungu

Barua kutoka Kalama, Machakos, iliyosomwa redioni Ijumaa jioni, Juni 2004. Majina ya watu yamebadilishwa.

Mpendwa mshauri, Mama Mbula, naomba msaada wako kabla kichwa hakijanipasuka, kwa maana neno hili siwezi kumwambia mtu hapa kwetu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa na Ndunda, mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika, hanywi wala hanipigi, na mwaka huu tulivuna mahindi kabla hayajakauka kwa kuogopa wezi, tukayarundika ndani tunakolala, mvua ikanyesha, na tulipofungua, gunia mbili zilikuwa zimefanya ukungu wa kijani, ukishika mkono unabaki na vumbi. Naibu wa chifu aliita baraza akatangaza mahindi ya namna hiyo ni sumu, watu wamekufa, tuyalete yachomwe. Ndunda alikuwa hapo, mimi nimekaa nyuma yake, lakini tulipofika nyumbani akasema kuchoma chakula wakati wa njaa ni kumtukana Mungu, na ati ukiyatwanga kinuni kuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ukungu wote unatoka na maganda, hivyo ndivyo mama yake alikuwa akifanya, ingawa sisi wenyewe tuliendelea kula yale yaliyokauka vizuri.

Basi nikaenda Mumbuni kumuuguza mama yangu, na kurudi nikakuta msiba kwa Kanini, mjane jirani yetu, kijana wake Mwanzia alitapika, macho yakawa manjano, tumbo likafura, akafa, akamwacha mama na dada zake wawili. Mtoto aliyekuwa akitumwa chumvi kwangu, anaondoka akiimba. Kaburini mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu, tusiulize, na Ndunda wangu ndiye alifunga kwa maombi, akalia machozi kabisa. Nyumbani nikaona gunia moja ya ukungu haiko, nikamuuliza, akasema bila kuniangalia kwamba alimpelekea Kanini wakati sipo, msaada wa kanisa kwa wajane, akamwagiza akoboe vizuri. Nikamwambia umeua mtoto wa watu, akanijibu, "Wavinya, kama Mungu hakutaka angezuia. Ameruhusu. Wewe ni nani?"

Na sasa Jumapili ni sikukuu ya mavuno, wageni wanakuja kutoka makanisa mengine, Ndunda ameahidi muthokoi, ameniwekea gunia ya pili kando ya kinu niikoboe Jumamosi, nikikataa nitaulizwa na mama mkwe, nikisema ukweli mume wangu atafungwa na watoto wangu wataitwa watoto wa muuaji, nimefunga, nimeomba Mungu amguse moyo, ama hata panya watoboe hiyo gunia waimalize, wapi. Nisaidie, Mungu mwenye uwezo wote alikuwa wapi siku ile, kwa nini hakumshika mume wangu mkono? Ama ni kweli aliruhusu?

Ni mimi niliyechanganyikiwa, Kalama.

*

Wavinya, mwanangu, pole. Pole sana. Nimelia nikisoma barua yako na sioni haya kusema. Sasa panguza machozi unisikilize, maana leo ni Ijumaa na sina wakati wa kukubembeleza.

Kwanza hilo neno la mumeo. Kuruhusu si kutaka. Mungu angeweza kutuumba kama mashine ya kusaga unga, inasaga chochote unachomwaga, haibishi. Lakini mashine haimpendi mtu. Alitaka tumpende kwa hiari yetu, na mwenye hiari ya kupenda ana hiari ya kukataa, na akikataa, kuna mtu anaumia. Hiyo ndiyo imani yetu, na ni chungu. Unauliza Mungu alikuwa wapi? Mumeo alionywa barazani, kwa sauti, wewe ukiwa nyuma yake. Alisikia. Kisha akachagua. Na asitudanganye na hayo mambo ya maganda! Kama aliamini kukoboa kunatoa sumu, mbona hakuwakobolea watoto wake? Wenu walikula mazuri, wa Kanini wakaletewa sumu na kuombewa juu yake.

Utaniuliza, na Mwanzia alichagua nini? Hakuchagua kitu. Kwa nini hiari ya mtu mzima ilipwe na mtoto, hapo mimi sijui. Nilimzika wangu, nimeuliza miaka mingi, sijajibiwa. Mchungaji anayejifanya anajua, mwambie anyamaze, akae chini na mama wa mtoto. Naamini Mungu alilia pale kaburini. Zaidi ya hapo sina.

Lakini wewe nina lako. Unafunga, unaomba panya. Panya, Wavinya! Unamlaumu Mungu hakumshika Ndunda mkono, na mchi wa kukoboa umewekewa wewe. Mumeo anasema Mungu ameruhusu, wewe unasema mume wangu amesema, na hiyo gunia inaenda kanisani bila mwenyewe. Hiari aliyopewa Ndunda na wewe ulipewa.

Usikoboe hata punje moja. Usiyape kuku, usiyamwage shambani, kuna wenye njaa watayaokota. Yapeleke kwa naibu wa chifu, na mwambie yale mengine yalienda wapi. Mama mkwe akikuuliza, mjibu hivyo hivyo. Watoto wako watatukanwa, ndiyo, na utaumia, lakini watakuwa hai. Mumeo akifungwa, atakuwa amefungwa na alichochagua mwenyewe. Ndunda, kama unasikiliza hapo mezani, nenda wewe kabla hajaenda yeye. Bado unaweza kuchagua.

Nimesoma barua yako mara nyingi leo, na kuna kitu hukukitaja mahali popote, nafikiri hofu ilikuziba macho. Unahangaikia gunia iliyo kando ya kinu. Ile ya kwanza je? Gunia nzima, Wavinya, mama mmoja na watoto wake hawaimalizi upesi hivyo, na hakuna aliyemwambia kilichomuua kijana wake. Ni jioni, ana wasichana wawili wenye njaa, na moto umeshawashwa. Zima redio, toka mbio, uangalie Kanini anapika nini.