Baba Anaisikiliza Injini kwa Meno

Mpendwa mshauri, naomba msaada na nakusihi usichelewe, kwa sababu wiki ijayo mume wangu anakwenda kukimbiza gari kwenye uwanja wa chumvi wa Bonneville, tambarare kavu ya mbio za kasi, na mimi najua jambo kuhusu gari hilo ambalo yeye halijui, na kila siku ninayonyamaza naona kama ninamchimbia kaburi kwa mikono yangu mwenyewe.

Baba yangu, Orval, ni fundi wa magari ya mbio ya kujiundia hapa Pocatello, na tangu nikiwa mtoto hajawahi kuzikubali injini za V, zenye silinda za pande mbili, kama za wenzake, yeye ni ile ndefu ya kizamani tu, yenye silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, huitoa kwenye gari la kifahari la kabla ya vita vya dunia lililotupwa, akakata chesisi ya gari dogo na kuirefusha mpaka injini iingie, na watu wakimcheka kwamba anaunda jeneza la magurudumu manne yeye huwajibu, "Tutaonana kwenye chumvi." Gari la safari hii amelijenga na mume wangu Dwain kwa miaka mitatu, na Dwain ndiye atakayekaa kwenye usukani.

Sasa mshauri, lazima uelewe kwamba baba ndiye sikio la klabu nzima ya magari ya mbio hapa mjini. Mtu akiwa na wasiwasi na injini yake huileta kwetu, baba huweka ncha moja ya mpini wa ufagio kwenye injini na nyingine sikioni, hufumba macho, halafu husema silinda fulani ina shida, au husema "tamu", na akishasema tamu hakuna anayeifungua tena injini hiyo, maana kuifungua ni kumwita mzee mwongo mbele za watu. Lakini tangu theluji ilipoyeyuka nimeona mpini hauweki tena sikioni, anaung'ata. Wenzake aliwaambia ndivyo walivyofanya mafundi wa zamani, mlio upite kwenye meno mpaka mfupa wa taya, nao wakaona mzee ameongeza ujuzi. Mimi nikaanza kumchunguza, nikaona simu ikilia hageuki, na mtu akizungumza naye anamtazama midomo.

Jumamosi iliyopita waliiwasha, klabu yote ikiwa gereji na mimi pembeni nikiwakaangia soseji. Dwain akakanyaga mafuta, injini ikapanda vizuri, ila alipoachia nikasikia kitu kinagonga huko nyuma, ko-ko, ko-ko, karibu na silinda ya saba, na mimi nimekulia chini ya meza ya gereji ile, injini inayonoki naijua. Nikasema kwa sauti, "Baba, inanoki huku nyuma." Alikuwa ameinamia kabureta, hakunitazama, kwa hiyo hakujua kama nimesema. Aliyenijibu ni Ladell, rafiki wa mume wangu.

"Shemeji, kinachonoki huko nyuma ni sufuria zako. Hebu tuangalizie hizo soseji zisiungue."

Wakacheka wote, na Dwain akacheka, ingawa nilimwona ameinamisha kichwa kidogo kama mtu aliyesikia kitu. Akamgusa baba bega, akamwuliza, "Mzee, iko sawa?" Baba akaung'ata mpini, akafumba macho, watu wakatulia kama wako kanisani. "Tamu," akasema. Yakaishia hapo.

Mshauri, meno yenyewe ni ya bandia. Ya juu yote aling'olewa mwaka juzi.

Jumatatu nikaenda gereji nikiwa peke yangu. Alikuwa amenipa mgongo, anang'arisha mfuniko wa injini. Nikachukua spana kubwa kuliko zote nikaiachia ianguke kwenye sakafu ya zege, mimi mwenyewe nikaruka kwa kishindo chake. Baba hakushtuka, aliendelea kung'arisha. Alipogeuka kutafuta kitambaa kingine ndipo akaiona spana pale chini, akaniangalia, akaelewa nimempima.

"Dwain anajua?"

Nikatikisa kichwa kwamba hajui.

"Basi usimwambie. Niachie chumvi hii moja tu, mwanangu, halafu nitawaambia wote mwenyewe."

"Baba, inanoki."

Alinitazama midomo mpaka nikamaliza. "Mimi nimeisikiliza," akasema. "Wewe ulikuwa unapika."

Nikatoka nikaenda kulia ndani ya gari. Nampenda baba, tangu mama afariki hana kingine cha kumwamsha asubuhi, na nikimvua heshima hii sijui kitabaki nini. Lakini konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, ikikatika mtu akiwa maili mia na hamsini kwa saa hutoboa ubavu wa injini, oil yote ikamwagikia magurudumu ya nyuma, nimeshaona gari likipinduka hivyo kwenye chumvi na nimeona walivyomtoa kijana aliyeliendesha. Halafu najiuliza, je, nikisema, wakafungua, wakakuta hakuna kitu? Baba atakuwa ameaibika bure, na mimi nitaitwa mke mwoga aliyetafuta kisingizio mume asiende. Kwa Dwain nimefungua mdomo mara tatu na kuufunga. Nifanye nini?

Binti wa Fundi, Pocatello

*

Binti wa Fundi, pole. Barua yako nimeirusha mbele ya wote waliotangulia, na hao wenye wakwe wakorofi watanisamehe.

Kwanza nikugombeze, maana muda ni mdogo. Umeniandikia mimi kurasa tano, mtu usiyenijua, na mwenye shingo yake analala karibu nawe, umbali wa mkono. Unapima heshima ya baba kwa upande mmoja na maisha ya mume kwa upande wa pili, halafu unaniuliza mzani umelalia wapi. Unajua umelalia wapi. Ulijua tangu spana ilipoanguka.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Baba yako ameyaficha maradhi, ila kifo chenyewe amemwekea mtu mwingine kwenye usukani. Simwiti mtu mbaya. Ni mtu aliyetoa masikio yake kwa mabomba ya moshi yasiyo na kizuia kelele, akabaki na jina, sasa anaona jina nalo linaondoka. Inauma, na mimi nimemwonea huruma kweli. Lakini alipokuambia ulikuwa unapika, alikutukana akijua wewe ndiye uliyesikia. Hilo usilifunike kwa mapenzi.

Unaogopa kwamba ukikosea utachekwa. Chekwa, binti. Aliyechekwa hula chakula chake jioni. Na kama sampo, lile bakuli la oil chini ya injini, ikifunguliwa wakakuta beringi zote nzima, mtakuwa mmepoteza nusu siku na galoni kadhaa za oil, na mumeo atakwenda kwenye chumvi akiwa na moyo mtulivu. Hakuna hasara hapo ninayoiona. Nawe acha kujiita mwoga, kwa sababu Dwain aliinamisha kichwa. Alisikia, akakubali kunyamazishwa na meno ya kununua. Anakungoja useme ili asiwe peke yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie mumeo leo, waziwazi: injini inanoki, na baba hasikii. Yote mawili, usimpe nusu. Halafu nendeni wote wawili kwa mzee, simameni mbele yake awaone midomo, bila klabu na bila huyo mpenda soseji. Msiifungue injini ninyi. Mwambieni aifungue yeye, aingie chini, ashike kila konrodi aitikise. Vidole vyake havijazeeka, na konrodi iliyolegea haihitaji sikio. Akiikuta, atakuwa ni yeye aliyeikuta, na hiyo ndiyo heshima pekee mnayoweza kumpa bila kumzika mtu. Akikataa, Dwain asikanyage chumvi, hata kama gari limeshapakiwa kwenye trela. Mambo ya daktari wa masikio yatafuata, na hayo nayo yasingoje mwaka.

Na usinilaumu kwa hili. Majina yenu nimeyabadilisha yote, lakini injini nimeiacha kama ulivyoiandika, silinda nane mstari mmoja, na nimefanya makusudi. Mji wenu una gari moja tu la namna hiyo, na huyo Ladell, vyovyote anavyoitwa, naye hununua gazeti hili asubuhi. Liweke hili chini sasa hivi, umfikie mumeo kabla yake.