Kastoma Mwenye Tepu Shingoni

Mama,

Leo nimeirudisha cherehani yako ya kukanyaga mlangoni, pale ulipopenda kwa sababu ya mwanga. Nimeitia mafuta. Kuikalia bado sijathubutu.

Tangu utuache, kibanda chetu hapa soko la Jericho kimekua. Tuna cherehani nne za umeme na wasichana watatu, na sare za shule zinatoka kwa mafungu. Ule mkopo ulizaa, Mama. Ila siufurahii.

Unakumbuka siku afisa wa benki alipokuja kukagua? Alikuwa ameniuliza kwa simu tunatoa sketi ngapi kwa siku. Wewe ulikuwa ukishona mbili tu, polepole, na kila moja ukiiachia pindo la vidole vinne. "Mtoto hangoji mshahara wa babake ndio akue," ulikuwa ukisema. Nikaogopa utaniharibia. Nikaifunika cherehani yako kwa shuka.

Kijana huyo wa benki akaingia, akakuona. "Na huyu mathe, anafanya kazi hapa?"

"Hapana, huyo ni kastoma tu."

Na tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwako! Ukaishusha taratibu, ukaificha ndani ya leso, ukahamia benchi la wateja. Ukamwambia umekuja kuchukua sketi ya mjukuu, nawe hukuwa na mjukuu hata mmoja. Wewe uliyenichapa utotoni kwa kusema uongo! Jioni ukapika ugali na mrenda, ukaniongezea mboga. Afadhali ungenitukana. Sikukuomba msamaha, nikidhani siku zipo.

Petro alipomkana Bwana wake alitoka nje akalia. Mimi nilikukana nikatia sahihi.

Juzi kijana yule alirudi, maana nimeomba mkopo mwingine. Akaniuliza akicheka, "Na yule mathe wa ile siku, sketi ya mjukuu ilimtosha?"

"Ilimtosha," nikajibu.

Miezi mitano uko kaburini, na bado nakuita kastoma.

Ijumaa analeta karatasi. Wasichana nimewaambia warudie pindo la vidole vinne, hata sketi zikipungua. Na kabla sijashika kalamu, nitamwonyesha cherehani yako na kumwambia ilikuwa ya nani, na nani alinifundisha kushona. Akitaka kuondoka na mkopo wake, aondoke.

Lala salama, Mama. Tepu yako ninayo shingoni, na siku hiyo sitaivua.

Mwanao,
Nasimiyu