Ngazi za Zege Mlangoni kwa Mama

Sainte-Odile, Abitibi
9 Machi 1994

Mdogo wangu Réjean,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Colombe na watoto. Kikohozi cha mdogo kimekwisha? Sisi tupo. Mgongo unanisumbua, na theluji bado ipo hadi madirishani, lakini hayo umeyazoea.

Barua yako imefika. Unasema utakuja Pasaka uzipake ngazi dawa ya kuzuia maji kwa mara ya pili, na siku hiyohiyo umtoe Mama kwenye nyumba ya wazee umrudishe nyumbani. Ngazi umeziulizia ukurasa mzima, nyonga ya Mama iliyovunjika mstari mmoja. Nimeudhika, na sioni sababu ya kuficha.

Ni ngazi nzuri, sikatai. Ulizimwaga mwenyewe mwezi wa Agosti, ukazifunika magunia mabichi, ukatukataza kuzikanyaga mpaka zikomae, tukawa tunapita mlango wa jikoni kama wezi. Mtaa mzima ulikuja kuzitazama. Kabla ya kuondoka ulimketisha Mama ukamfundisha kwamba zege changa halitaki chumvi ya kuyeyushia barafu: barafu inayeyuka, maji yanapenya ndani, usiku yanaganda tena, na uso wote unabanduka magamba. Asiguse mtaimbo wala sepetu ya chuma. Ufagio, na mchanga wa kuzuia utelezi, basi. Ulisema kweli, fundi yeyote angesema hivyo. Lakini ulikuwa unamwambia mama wa miaka sabini na minane, ambaye neno lako kwake ni Injili.

Baridi ilipoanza, jirani yetu Mzee Tancrède alimletea gunia la chumvi. Mama akamwambia alirudishe, mwanawe amekataza. Mzee akaangua kicheko: “Rose-Aimée, zege ni la kukanyagwa, si la kubusiwa! Utalivisha na koti?” Mama naye akamjibu kwamba akatazame ngazi zake kwanza, zina mapengo mengi kuliko kinywa chake. Tulicheka sote. Mimi pia nilicheka, nikarudi kwangu.

Sasa nikueleze jambo ambalo Mama aliniapisha nisikwambie. Wewe uliambiwa kwamba Januari aliteleza kwenye uwanja wa kanisa. Hakufika kanisani. Asubuhi ile alimwaga mchanga kama ulivyomwagiza, kisha ikanyesha mvua ya kuganda, ikaufunika. Mchanga ulikuwa unaonekana chini ya barafu, na juu yake hata paka asingesimama. Mama akatoka na ufagio, akaanguka kutoka kidato cha juu mpaka chini. Mzee Tancrède ndiye aliyemkuta, midomo imeshakuwa ya bluu. Ananiambia neno la kwanza Mama alilolisema ni kwamba Réjean asijue.

Ndiyo maana siku ile ya simu nilikuwa na sauti ya ajabu. Ulisema paroko ana bahati kwamba sisi si watu wa mashtaka, kisha ukaniuliza kama ngazi zako zimeanza kubanduka. Mama alikuwa amenishika mkono kutoka kitandani, ananikazia macho. Nikakujibu kwamba ngazi ni nzima. Na kweli zilikuwa nzima, hazina hata mkwaruzo.

Daktari amesema hatapanda ngazi tena maisha yake. Akitaka kurudi nyumbani, kiti cha magurudumu kinahitaji mteremko wa mbao, na mlango wa jikoni ni mwembamba, kiti hakipiti. Ilibaki mlango wa mbele, yaani kuvunja ngazi. Mama aliposikia hivyo akasema hataki tena kurudi, atakaa palepale kwenye nyumba ya wazee, hata chakula chao si kibaya. Supu yao ya njegere ni maji ya kuoshea sufuria, Réjean, na anaijua supu kuliko sisi sote. Alikuwa anageuka ukutani kila nikiondoka. Nilimwona kupitia kioo cha mlango.

Kwa hiyo Jumamosi mimi na Mzee Tancrède tulichukua nyundo kubwa tukazivunja. Hongera, zilikuwa ngumu. Mzee alitukana kwa mtindo wa huku kwetu, akitaja vyombo vyote vya altareni, kuanzia kalisi mpaka tabernakulo, na kila nilipopiga nilikuwa nakupiga wewe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Jumapili alasiri mteremko ulikuwa umesimama.

Jana nimemleta Mama. Alipoona mbao alilia, akanifukuza niende jikoni. Baadaye akaniita, ameshafuta uso, akaniambia nikuandikie haraka kabla hujasikia kwa watu. Nikwambie kwamba trekta la kuzoa theluji ndilo lililozigonga ngazi zako, na kwamba yeye alijaribu kulizuia.

Mara hii sikumkubalia.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Ukija, njoo mikono mitupu, ukae naye.

Dada yako,
Ghislaine