Kikunjo cha Risasi cha Villads

Jumamosi, 2 Septemba

Nina miaka themanini na moja. Nimemzika mke wangu Ketty, mbwa watatu, na daktari aliyeniambia sifiki Krismasi. Yeye ndiye hakufika! Makanisa mangapi hapa Jutland nimeyaezeka kwa risasi — madini yenyewe, si ya bunduki — na sijaanguka hata mara moja. Shule sikukaa sana. Lakini leo lazima niandike.

Shayiri imevunwa. Ragnhild mwenye shamba ametuachia lile la chini ya kanisa mpaka atakapolima. Tuko wawili kama kawaida, mimi na Villads, kila mtu na mashine yake ya kunusa chuma na koleo lake. Villads alikuwa mpeleka barua wa posta. Siku hizi mikono inamtetemeka, kahawa nusu anaimwagia buti. Mimi ndiye mtambuzi. Kifungo, bizimu, sarafu ya mfalme gani — ananiletea, nakigeuza mara moja, nasema. Sikosei. Waulize wa chama chetu cha mashine.

Leo mashine yake ikalia karibu na mtaro. Akapiga magoti. Nikampigia kelele, "Kifuniko cha bia hicho, mzee!"

"Njoo uone kwanza, mdomo baadaye," akasema.

Hakikuwa kifuniko. Kipande cha risasi, kimekunjwa na kukunjwa tena, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Kizima kabisa. Wote wawili tulijua ni nini — hirizi. Watu wa enzi za watawa waliandika dua ndani, wakaikunja, wakamvisha mgonjwa. Na kila anayetembea na mashine anajua: kilichokunjwa hakifunguliwi. Kinapelekwa makumbusho hivyo hivyo, wao wana mashine ya kupiga picha ndani, kama ya hospitali.

Miaka yote hii Villads anaokota misumari. Leo alikaa chini kwenye mabua akacheka peke yake. Kisha akanipa. "Kaa nacho wewe mpaka Jumanne, tukipeleke makumbusho. Mikono yangu unaijua."

Nikakitia kwenye kikopo cha filamu, pamoja na udongo wake.

Jumapili, 3 Septemba

Nimekifungua.

Jumatatu, 4 Septemba

Jana kalamu ilinishinda.

Ilikuwa baada ya chai, kengele za kanisa zinalia. Nilitaka kuchungulia tu, ukingoni. Nikajiambia: risasi naijua mimi! Nimeikunja maisha yangu yote, inanitii kama donge la mkate. Wale wa makumbusho wameisoma vitabuni. Nikaiweka kwenye maji moto, nikachukua kisu cha siagi.

Kunjo la kwanza likaachia vizuri. Ndani kuna herufi za kale, zile za mistari, kama miiba imesimamishwa. Za katikati zilikuwa safi, kama zimekwanguliwa asubuhi hiyo.

La pili halikupinda. Lilikatika kama biskuti. Herufi za katikati zikawa unga juu ya kitambaa cha meza cha Ketty.

Risasi niliyoizoea mimi ilitoka dukani. Hii imelala ardhini miaka mia saba. Ningekuwa na mwanagenzi aliyefanya hivyo ningemshusha ngazi siku ile ile.

Nimelikunja tena lile la kwanza, nimerudisha vipande kikoponi. Unga nimeukusanya kwa kadi. Kesho nitasema ni jembe la trekta lililokivunja.

Jumanne, 5 Septemba

Makumbusho. Anayepokea vitu ni Solvej, mwanamke kijana, mpole, hasemi ovyo. Akavimwaga vipande kwenye sahani, akainama na lenzi yake.

"Hapa pamevunjika juzi juzi," akasema. "Panang'aa. Mvunjiko wa zamani huwa mweupe."

Basi jembe likanifia mdomoni. Nilikuwa bado natafuta neno, Villads akasema, "Ni mimi."

Nikamgeukia.

"Nilikichomoa kwa pupa, dada. Lazima nilikibinya. Si unaiona?" Akanyoosha mikono yake juu ya meza. Ilitetemeka yote miwili.

Solvej akamwambia hutokea, asijilaumu. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mimi! Ambaye hata mchungaji hajawahi kuninyamazisha.

Garini Villads akasema, "Nisamehe, Thorvald. Wewe umekitunza vizuri, mimi nimekutia aibu."

Nikasema, "Achana nayo, bwana." Hayo tu. Nikaongeza sauti ya redio.

Alhamisi, 7 Septemba

Dukani. Ragnhild yuko kwenye foleni na kikapu chake. "Thorvald! Nasikia mwenzako kaivunja hazina ya shamba langu. Mwambie siku nyingine avae glavu za kutolea mkate kwenye oveni!" Kaunta nzima ikacheka.

Na mimi nikacheka. Kwa sauti.

Nimerudi bila maziwa niliyoyaendea.

Jumamosi, 9 Septemba

Villads alikuja jana na mashine yake. Ameipangusa, ametia betri mpya. "Chukua wewe," akasema. "Mikono hii itavunja na kingine."

"Acha upuuzi, mzee."

"Si upuuzi. Usiku nakifikiria. Nakiona bado kizima, halafu najiuliza, kizima wapi? Labda kilikuwa kimeshapasuka mkononi mwangu na mimi nacheka tu."

Pale ndipo pa kusema. Palikuwa pametulia, kahawa ipo, hakuna mtu wa tatu. Nikamwuliza kama anataka sukari. Hatumii sukari, najua tangu miaka hiyo!

Leo nimekwenda shambani peke yangu. Nimekula mkate wangu mweusi pale mtaroni. Mashine ililia vizuri, sauti ya fedha kabisa. Sikuchimba.

Jumatatu, 11 Septemba

Solvej amepiga simu. Wamesoma kilichobaki. Ni dua ya homa. Mwanzo inawaita watakatifu, mwisho inaikemea homa itoke. Katikati inasema mponye mjakazi wako — kisha jina. Jina ndilo lililopotea. "Limeangukia hapo hapo palipovunjika," akasema. "Mwanamke mzima, na hatutamjua."



Mimi nililiona. Kusoma siwezi, lakini jicho la mwezekaji halisahau umbo. Herufi ya kwanza, mti wenye matawi mawili juu. Mti mtupu. Mti wenye kifundo. Kisha mawili mengine — Jumapili ile niliyaona yote. Sasa la mwisho sina hakika tawi lililala kulia au kushoto. Kila siku linafifia. Nikimchorea leo, yule mwanamke anapata jina lake. Lakini Solvej ataniuliza, "Uliona wapi, Thorvald, kama hakikufunguliwa?"

Akaniuliza kingine kabisa. "Kuna anayejua kilitoka ardhini kikiwaje? Naandika kwamba mwokotaji alikiharibu. Villads anasema niandike hivyo hivyo. Sipendi kumwandika vibaya bure."

Nikasema nitampigia baadaye.

Jumanne, 12 Septemba

Naandika garini, daftari juu ya usukani. Niko nje ya nyumba ya Villads. Mashine yake aliyoniachia iko kiti cha nyuma, nimekuja kumrudishia. Nilisema nitashuka wimbo ukiisha. Umeisha, na habari zimeisha, sasa wanasoma hali ya hewa. Mvua jioni.

Solvej sijampigia. Nataka Villads asikie kwanza, tena kutoka kwangu, si kwa simu ya mtu. Najua sentensi yenyewe. Ni fupi. Nimeisema mara nyingi njiani, kwa sauti, vizuri kabisa!

Nimejaribu kuchora herufi kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi. Tatu zimekuja. Ya nne imekuja nusu.

Ameniona kupitia dirisha la jikoni. Anapunga mkono. Anatoa vikombe viwili, polepole, kimoja kimoja, ili visigongane.

Kwamba kitu kile kilitoka ardhini kizima, shahidi ni mmoja tu: Villads Krogh, mpeleka barua mstaafu, aliyekishika kabla yangu. Na yeye nimemfanya asiyaamini tena macho yake.